Uchunguzi wa hitilafu ya mfumo wa kuzima silinda

Uchunguzi wa hitilafu ya mfumo wa kuzima silinda ni kazi ya kutafuta chanzo cha kasoro katika injini ya gari iliyoundwa kupumzisha baadhi ya silinda zake wakati dereva hahitaji nguvu nyingi. Mfumo huo hupunguza matumizi ya petroli. Ukiharibika, injini hutikisika, hugongagonga, hukosa nguvu na kuwasha taa ya injini kwenye dashibodi.

Ugumu wa uchunguzi unatokana na namna amri ya kuzima silinda inavyosafiri. Katika injini nyingi za aina hii amri hutoka kwenye kompyuta ikiwa umeme, hupita kwenye oili ikiwa presha, na huishia kwenye vipande vidogo vya chuma vinavyosogea ndani ya injini. Kasoro inaweza kutokea popote katika njia hiyo na dalili zikafanana. Sehemu ya umeme hurekebishwa kwa gharama ndogo, na ya oili mara nyingi vilevile, lakini sehemu ya chuma hudai injini ifunguliwe. Fundi anayeanza na chuma anaweza kufungua injini nzima kwa sababu ya waya uliokatika.

Makala hii inaeleza zaidi injini ya V8 ya lita 5.3 ya kampuni ya General Motors ya Marekani, iliyowekwa kwenye magari kama Chevrolet Silverado, Chevrolet Tahoe na GMC Yukon. Tahoe na Yukon ni magari yanayoonekana sana pia Omani na Falme za Kiarabu. Mifumo ya Honda na Volkswagen inatajwa pale inapotofautiana.

Historia

Wazo la kuzima silinda ni la zamani. Mwaka 1981 Cadillac iliuza magari yenye injini iliyoitwa V8-6-4, ambayo ilitakiwa kufanya kazi kwa silinda 8, 6 au 4 kulingana na mzigo. Vali zilizuiwa na sumaku za umeme zilizowekwa juu ya roka. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na kasi ya kutosha, injini zilisitasita, na wamiliki wengi waliishia kukatiwa waya wa mfumo ili gari libaki na silinda 8 muda wote. Katika magari ya kawaida injini hiyo ilidumu mwaka mmoja tu, ingawa limozini ziliendelea kuitumia kwa miaka michache.

Mfumo ulirudi ukiwa na kompyuta bora. Honda iliuweka kwenye gari la Inspire nchini Japani mwaka 2003 kwa jina la Variable Cylinder Management. Magari ya mwaka 2005 ya General Motors yalikuja na mfumo ulioitwa kwanza Displacement on Demand, baadaye Active Fuel Management. Chrysler nayo ilikuwa na Multi-Displacement System katika injini yake ya Hemi ya lita 5.7. Mwaka 2012 Volkswagen ilileta mfumo wake katika injini ndogo ya silinda 4 ya lita 1.4.

Kiasi cha petroli kinachookolewa si kikubwa kama matangazo yanavyofanya watu wafikiri. Mwaka 2021, wakati wa uhaba wa vipuri vya kielektroniki duniani, General Motors iliuza baadhi ya pikapu zake bila mfumo huu, ikaeleza kwamba tofauti ni takriban maili 1 kwa galoni.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Gari linapotembea kwa mwendo wa wastani kwenye barabara tambarare, injini ya V8 hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Mlango wa hewa huwa umefunguka kidogo, na pistoni hutumia nguvu kuvuta hewa kupitia uwazi huo mdogo, kama mtu anayevuta pumzi kupitia mrija mwembamba. Silinda nne zikipumzishwa, nne zilizobaki hulazimika kufanya kazi zaidi, mlango wa hewa hufunguka zaidi, na upotevu huo hupungua.

Kuzima silinda si kukata petroli peke yake. Vali zake zote mbili, ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi, lazima zibaki zimefungwa. Gesi iliyofungiwa ndani hubanwa na kutanuka kama springi, na pistoni hupanda na kushuka bila kupoteza nguvu nyingi.

Katika injini ya lita 5.3 kazi ya kufunga vali hufanywa na tapeti za pekee. Kwa kawaida tapeti husukumwa na nundu ya kamshafti, nayo husukuma fimbo, fimbo husukuma roka, roka hufungua vali. Tapeti ya kuzimika ina sehemu mbili, moja ndani ya nyingine, zilizoshikanishwa na pini ndogo zenye springi. Oili yenye presha ikifika kwenye pini huzisukuma ndani. Sehemu mbili za tapeti huachana, nundu husukuma sehemu ya nje tu, na mwendo haufiki kwenye vali. Presha ikiondolewa, springi hurudisha pini mahali pake na silinda huamka.

Oili hiyo hugawanywa na bamba lililo katikati ya V ya injini, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Bamba lina solenoidi nne, yaani vali ndogo za umeme, moja kwa kila silinda inayozimika. Silinda hizo ni 1, 4, 6 na 7. Hazikuchaguliwa ovyo: mfuatano wa kuwaka wa injini hii ni 1-8-7-2-6-5-4-3, hivyo kila silinda inayopumzika hufuatwa na inayofanya kazi. Kila silinda ina tapeti mbili, kwa hiyo tapeti za kuzimika ni 8 kati ya 16. Injini inapounguruma bila mzigo gari likiwa limesimama, silinda zote 8 hufanya kazi. Jambo hili lina manufaa makubwa wakati wa kuchunguza.

Dalili

Dalili ya kawaida ni injini kumisi, yaani silinda moja au zaidi kushindwa kuwaka ipasavyo. Gari hutikisika likisimama, hukosa nguvu likipanda mlima, na taa ya injini huwaka. Taa hiyo ikianza kupepesa, mwendo mrefu haufai, kwa sababu petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuunguza kichujio cha moshi ambacho mafundi huita masega.

Dalili ya pili ni sauti ya tiki-tiki-tiki inayofuata mwendo wa injini. Sauti inayosikika sekunde chache asubuhi na kutoweka inaweza kuwa tapeti zinazojaa oili baada ya kukaa usiku kucha. Sauti inayobaki injini ikiwa ya moto ni habari nyingine, hasa ikiambatana na kumisi.

Wapo pia madereva wanaolalamika kwamba gari hutetemeka kidogo au hutoa mvumo likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, kisha hutulia. Mara nyingi huo ni mfumo ukifanya kazi yake, kwani injini ya silinda 4 hutetema tofauti na ya silinda 8. Kabla ya kulaumu mfumo ni vema kulinganisha na gari jingine la aina hiyohiyo.

Misimbo na inachosema

Kifaa cha kusomea kompyuta ya gari huonyesha misimbo ya hitilafu. Ile inayoanza na P030 inahusu kumisi: P0300 ni kumisi kusikokuwa na silinda maalumu, P0301 ni silinda ya 1, na kuendelea hivyo. Misimbo ya mfumo wenyewe huanza na P34. P3400 inahusu mfumo wa upande wa kwanza wa injini na P3497 upande wa pili. Solenoidi za silinda 1, 4, 6 na 7 zina P3401, P3425, P3441 na P3449. P0521 inahusu kipimo cha presha ya oili kisichoaminika.

Msimbo hutaja mahali kompyuta ilipoona tatizo, na hapo si lazima pawe mahali tatizo lilipo. P3401 husema njia ya umeme ya solenoidi ya kwanza haikujibu inavyotakiwa. Yaweza kuwa solenoidi, waya, au plagi ya waya iliyoingia oili. P0301 haisemi lolote kuhusu mfumo wa kuzima silinda. Koili mbovu huleta msimbo uleule.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana ni vizuri kutazama mpangilio wa misimbo. Ikiwa silinda inayomisi ni 2, 3, 5 au 8, haina kifaa cha kuzimika, na uchunguzi uanze na plagi, koili na injekta kama kwa injini yoyote. Ikiwa ni moja kati ya 1, 4, 6 na 7, mfumo unaweza kuhusika. Ikiwa zote nne zina matatizo kwa pamoja, si rahisi vifaa vinane kufa siku moja, hivyo hutafutwa kitu wanachochangia: presha ya oili, umeme wa bamba au fyuzi yake. Msimbo wa silinda moja peke yake huelekeza kwenye solenoidi, waya au tapeti ya silinda hiyo.

Kompyuta huhifadhi pia hali ya injini wakati msimbo ulipowekwa: mwendo, joto, mzigo. Wengi hufuta misimbo kabla ya kusoma kumbukumbu hiyo, na ushahidi wa maana hupotea nayo.

Kuanza na oili

Kwa kuwa oili ndiyo inayobeba amri, kipimo cha kwanza ni kijiti cha oili. Kiasi kikiwa chini, oili ikiwa nzito kama lami, au ikiwa imewekwa ya uzito usioagizwa na mtengenezaji, pini za tapeti zinaweza kuchelewa au zisisogee kabisa. Injini hii hutumia vijia vyembamba vya oili, na uchafu usioisumbua injini ya kawaida unatosha kuvisumbua. Watu wanaochelewesha kubadilisha oili kwa sababu "bado inaonekana nzuri" huwapa mafundi wa injini hizi kazi nyingi.

Kisha hupimwa presha. Geji ya kwenye dashibodi haitoshi, kwa sababu inategemea sensa iliyo nyuma ya injini, na chini ya sensa hiyo kuna kichungi kidogo cha wavu ambacho huziba. Wavu ukiziba, sensa huonyesha presha ndogo wakati injini ina presha ya kutosha. Kompyuta nayo, ikiamini kwamba presha haifai, hukataa kuzima silinda. Dereva huambiwa pampu ya oili imekufa kumbe shida ni wavu mdogo kuliko kucha.

Fundi hufungua sensa, huweka geji ya mkono mahali pake na kuwasha injini ikiwa imepata moto. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa injini za familia hii ni karibu psi 6 (kPa 41) kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, psi 18 (kPa 124) kwa mizunguko 2,000, na psi 24 (kPa 165) kwa mizunguko 4,000. Hivyo ni viwango vya mwisho kabisa vya kuilinda injini. Injini nzima huonyesha zaidi. Geji ya mkono ikisoma vizuri na ya dashibodi vibaya, wavu na sensa hubadilishwa na gari hujaribiwa upya kabla ya kugusa kitu kingine. Zote mbili zikisoma vibaya, tatizo ni la injini nzima, na kubadilisha tapeti hakutasaidia.

Oili inaweza pia kudanganya kwa njia nyingine. Katika baadhi ya injini za lita 5.3 za miaka ya mwanzo, vali ya kupunguzia presha iliyo ndani ya sampu ilirusha oili kwenye kuta za silinda wakati mfumo ukifanya kazi. Ringi za pistoni zilishindwa kuikwangua yote, oili ikaungua, na plagi zikajaa masizi. General Motors iliongeza kinga ya bati kuzunguka vali hiyo. Gari lenye shida hii humisi kwenye silinda zinazozimika, likafanana kabisa na lenye tapeti mbovu, lakini plagi ikifunguliwa hutoka nyeusi na yenye mafuta. Honda ilikuwa na kisa kinachokaribiana: katika injini za V6 za Accord, Odyssey na Pilot za miaka ya 2008 hadi 2013, ringi za baadhi ya pistoni ziliganda na kuruhusu oili kuchafua plagi, zikaleta misimbo P0301 hadi P0304. Baada ya shauri la wateja nchini Marekani, kampuni ilirefusha dhamana ya sehemu hizo. Kufungua plagi ni kazi ya dakika chache, na inafaa itangulie kazi yoyote ya siku mbili.

Kupima umeme

Solenoidi hupokea umeme wa betri swichi ikiwa imewashwa, na kompyuta hukamilisha njia kwa kuunganisha upande wa pili na bodi. Fundi hupima kwa multimita kama umeme unafika, kisha hupima ukinzani wa kila solenoidi na kulinganisha nne hizo. Tatu zikifanana na moja ikiwa tofauti sana, au ikionyesha njia imekatika, jibu limepatikana. Zote zikifanana, hufuatwa waya hadi kwenye kompyuta, hasa pale unapopita karibu na chuma chenye moto au unaposuguana na kona.

Vifaa vya kusomea vilivyo kamili vinaweza kuamuru solenoidi moja moja ifanye kazi injini ikiunguruma. Silinda inayolengwa inapaswa kuzimika na kuamka kila amri inapotolewa. Ikizimika na kuamka, umeme, oili na tapeti zake zote zinafanya kazi, na chanzo cha kumisi kitafutwe kwingine. Isipozimika, au ikizimika na kukataa kuamka, uchunguzi husonga mbele. Kwa maoni ya mwandishi hiki ndicho kipimo kimoja chenye thamani kuliko vyote, maana hujaribu njia nzima bila kufungua chochote.

Kupima chuma

Kama silinda inamisi hata injini ikiwa imesimama bila mzigo, wakati ambapo mfumo hauagizi kuzima chochote, basi kuna kitu kimebaki katika hali ya kuzimika. Kwanza koili na plagi huhamishiwa silinda nyingine. Kumisi kukihama pamoja navyo, kazi imekwisha. Kukibaki palepale, hupimwa kompresheni.

Hapa mafundi wengi hukosea kusoma. Kompresheni ndogo kwa kawaida humaanisha ringi zimekwisha, vali zimeungua au gasketi imetoboka. Katika injini hii inaweza kumaanisha pia kwamba vali ya kuingizia hewa haifunguki, hivyo silinda haina hewa ya kubana. Njia ya kutofautisha ni kupima uvujaji: pistoni huwekwa juu kabisa, vali zikiwa zimefungwa, na hewa ya kompresa huingizwa kupitia tundu la plagi. Silinda iliyochakaa huvujisha. Silinda ambayo vali zake hazifunguki hushika hewa vizuri. Kompresheni ndogo pamoja na uvujaji mdogo huelekeza moja kwa moja kwenye tapeti au kamshafti. Vali ya moshi ndiyo isipofunguka, kompresheni inaweza kuonekana ya kawaida, lakini gesi iliyokosa pa kutokea hulipuka kurudi kwenye manifoldi ya hewa, na sauti yake husikika.

Uthibitisho ni kufungua kifuniko cha vali na kuzungusha injini kwa stata huku mfumo wa petroli umezimwa. Roka zote zinapaswa kuchezacheza kwa kimo kilekile. Ile isiyosogea, au inayosogea nusu, ndiyo ya tapeti iliyokwama, fimbo iliyopinda au nundu iliyolika.

Matengenezo

Tapeti za injini hii haziwezi kutolewa bila kufungua silindahedi. Kwa sababu hiyo si busara kubadilisha moja iliyokufa na kuacha wenzake wa umri uleule. Kamshafti hukaguliwa, maana roli ya tapeti iliyoharibika hukwangua nundu, na chembe za chuma husambaa na oili hadi kwenye bearingi. Bamba la solenoidi na wavu wa sensa hubadilishwa wakati huohuo. Boliti za silindahedi ni za kunyooka mara moja zinapokazwa, hivyo hutakiwa mpya.

Baadhi ya wamiliki huchomeka kifaa kinachoizuia kompyuta kuamuru silinda zizimwe. Kifaa hicho hakiwezi kuponya tapeti iliyokwama tayari, kwa sababu pini zake hazisubiri amri. Kama nyenzo ya uchunguzi kina faida: mtetemo unaotokea kwenye mwendo wa barabara kuu ukitoweka kikichomekwa, chanzo chake ni mfumo, ukibaki, chanzo ni magurudumu, giaboksi au kitu kingine.

Mifumo mingine

Dynamic Fuel Management, iliyoanza na pikapu za General Motors za mwaka 2019, inaweza kuzima silinda yoyote kati ya 8 kwa mipangilio 17. Tapeti zote 16 ni za kuzimika, kwa hiyo ile hoja ya kuangalia kama silinda ni 1, 4, 6 au 7 haifai tena. Hemi ya Chrysler huzima 1, 4, 6 na 7 kama General Motors ya zamani, na hatua zake za uchunguzi zinafanana sana.

Honda haitumii tapeti za aina hii. Roka zake zenyewe zina pini zinazosogezwa na oili, na kuzifikia si lazima silindahedi itolewe. Msimbo wa P3400 kwenye Honda mara nyingi huanza na swali dogo: kiasi cha oili.

Volkswagen ni tofauti kabisa. Silinda 2 na 3 huzimwa na vijiti vya sumaku ya umeme vinavyotelezesha bomba lenye nundu juu ya kamshafti, hadi vali ikutane na sehemu isiyo na nundu. Oili haibebi amri, kwa hiyo presha yake si mahali pa kuanzia; huanzwa na umeme wa vijiti hivyo, kisha huangaliwa kama bomba linateleza hadi mwisho wa njia yake.